Dawa ya Miti Inayoponya Haraka Mno



Mwaka 2008, kati ya Januari na Mei, hospitali za umma kule Singapore zilianza kupokea wagonjwa waliowachanganya madaktari. Karibu wote walikuwa wanaume. Walifika wanatetemeka, jasho linawatiririka, wengine hawajitambui kabisa. Walipopimwa damu, sukari ilikutwa imeshuka vibaya mno, vile inavyoshuka kwa mgonjwa wa kisukari aliyezidisha dozi. Tatizo ni kwamba hawa hawakuwa na kisukari. Mpaka mwezi Mei wagonjwa wa namna hiyo walikuwa 150, na wanne kati yao walifariki.

Wengi wao walikutwa na glibenklamaidi mwilini, kidonge cha kushusha sukari kinachojulikana hospitali zote duniani. Wamekipata wapi? Kwenye dawa za nguvu za kiume walizonunua vichochoroni, baadhi yake zikiuzwa kwa jina la mitishamba. Ndani ya mitishamba hiyo mlikuwa na sildenafili, yaani dawa ileile iliyomo kwenye Viagra, na pamoja nayo glibenklamaidi ambayo haikuwa na kazi yoyote pale. Aliyechanganya alichanganya ovyo, na mnywaji hakuwa na namna ya kujua.

Nimeanza na Singapore kwa sababu kisa hiki madaktari walikichunguza na kukiandika, si cha kusikia kwa jirani. Lakini mchezo wenyewe unachezwa popote penye soko. Ukitaja dawa bandia ya miti, watu wengi wanachofikiria ni unga wa muhogo uliotiwa rangi, au majani ya mwembe yaliyotwangwa, kitu ambacho hakikuponyi wala hakikudhuru. Umeliwa hela zako, basi. Hiyo ipo, tena tele. Inanikera, ila hainitishi. Inayonitisha mimi ni dawa bandia inayofanya kazi.

Mfikirie muuzaji mjanja. Anajua wazi kwamba mteja hana maabara nyumbani. Kipimo pekee cha mteja ni mwili wake mwenyewe: nimekunywa, nimepata nafuu, basi dawa ni ya kweli. Kwa hiyo mjanja anahakikisha nafuu inapatikana. Mzee aliyeumwa magoti kwa miaka anapewa unga wa kahawia, aweke kijiko kimoja kwenye uji asubuhi na jioni. Siku ya pili anainuka kwenye mkeka bila kushika ukuta. Nani atamwambia kwamba ametapeliwa? Atakwenda kuwaita wenzake wa kijiweni waje nao wanunue. Na kilichomwinua huenda ni deksamethasoni au diklofenaki, vidonge vya bei chee vya duka la dawa, vilivyosagwa na kuchanganywa na unga wa gome lolote lenye rangi ya kupendeza. Mamlaka za dawa za nchi nyingi zimekuwa zikikuta uchakachuaji wa aina hii kwenye dawa za viungo na za pumu zinazoitwa za asili.

Mzee akiendelea na unga wake kwa miezi, hamu ya kula inaongezeka, mashavu yanajaa, uso unakuwa wa mviringo. Mtaani wanasema, dawa imemkubali, kanawiri. Kumbe ule uso wa mviringo ndio dalili ya madhara. Deksamethasoni ikitumika muda mrefu bila daktari inapandisha sukari na presha, inachimba vidonda tumboni, inadhoofisha mifupa. Kwenye unga wa nguvu za kiume, sildenafili ya kificho inaweza kumwangusha mwanamume mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia vile vidonge vya kuweka chini ya ulimi, kwa sababu dawa hizo mbili zikikutana presha inashuka ghafla. Na chai za kupunguza tumbo, ambazo dada zetu wanaagiziana kwa simu, nyingi zimekutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu iliongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi.

Sisemi kwamba kila dawa ya miti lazima iwe polepole. Sanamaki ya jioni itakukimbiza chooni alfajiri, na karafuu inaganzisha jino papo hapo. Lakini maradhi ya muda mrefu, kama maumivu ya viungo, pumu, au sukari, yakitulia kwa siku moja kwa unga usio na jina, mimi ningeuweka chini ule unga kabla sijausifia.

Sasa twende sokoni, maana huko ndiko kwenye raha ya jambo hili.

Pale Darajani, Unguja, kuna bibi mmoja nina mazoea ya kununua kwake. Safari moja nilimkuta ametandaza bidhaa zake juu ya gunia, nikamsalimia.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wataka nini leo?"

"Karafuu za jino, na mdalasini."

Hakunipimia. Alichukua karafuu moja akaniwekea kiganjani. "Iminye kwa ukucha, hapo kwenye kikonyo." Niliiminya, pakatoka mafuta, ukucha ukang'aa na harufu ikanipanda puani. "Haya, iminye na hii." Ya pili ilikuwa nyepesi, imekunjamana, na ukucha wangu ulipita kwenye ukuni mkavu tu. "Hiyo ishakamuliwa, mwanangu. Mafuta yake yashauzwa pengine, wewe wauziwa makumbi."

Bibi anachofanya kwa ukucha, vitabu vya famasia vinafanya kwa glasi ya maji. Karafuu nzima yenye mafuta yake huzama, au husimama wima majini kichwa kikiwa juu. Iliyokamuliwa huelea imelala. Ukishindwa kupata karafuu nzima ukanunua ya unga, ujue kwamba makonyo nayo husagwa. Makonyo yana harufu ya karafuu, maana nayo hukamuliwa mafuta, lakini mafuta yake ni kidogo kulinganisha na ya kitumba chenyewe, na bei yake ni ya chini sana.

Kwenye mdalasini bibi alinionyesha vijiti viwili. Kimoja kilikuwa chembamba, rangi ya kahawia hafifu, kimeviringishwa magamba mengi membamba moja ndani ya jingine, na alipokibonyeza kwa vidole viwili kilisagika. Cha pili kilikuwa gome nene, gumu, lililojikunja mara moja tu kutoka pande zote mbili, na kukivunja kulitaka nguvu. Vyote vinaitwa mdalasini na vyote ni magome ya miti ya ukoo mmoja. Kile chembamba ni cha jamii ya Sri Lanka, ndiyo inayolimwa pia visiwani kwetu. Kile kinene hutoka zaidi China na Indonesia.

Kwa pilau sina neno, tia wowote. Lakini siku hizi watu wenye sukari wanakunywa mdalasini kila asubuhi kama dozi, na hapo tofauti ni kubwa. Mdalasini mnene una kumarini nyingi, kitu kinachoweza kuumiza ini kwa baadhi ya watu, wakati ule mwembamba unayo kidogo mno. Wataalamu wa Ujerumani wa usalama wa chakula waliopiga hesabu hiyo walisema mtu mzima wa kilo 60 asizidishe gramu 2 za ule mnene kwa siku, kama anautumia kila siku kwa muda mrefu. Gramu 2 hazijazi hata kijiko cha chai. Ukiwa na unga, hujui uliosagwa ni upi.

Habasoda nayo ina mtego wake. Punje za habasoda na mbegu za vitunguu ukiziweka pamoja kwenye kiganja, mtu mwenye haraka hazitofautishi: zote nyeusi, zote ndogo. Ziangalie kwenye mwanga. Habasoda ina kona, pembe tatu au nne, na ukiivunja ndani ni nyeupe. Isugue baina ya vidole, inatoa harufu kali iliyo karibu na pilipili manga, na ukiitafuna ni chungu yenye ukali. Mbegu ya kitunguu ina makunyanzi, upande mmoja umetuna na mwingine umebonyea kidogo, na ukiitafuna inakurudishia kitunguu mdomoni. Tena mbegu za kupanda mara nyingi hupakwa dawa ya kuvu. Mafuta ya habasoda ni habari nyingine kabisa: chupa ikishachanganywa na mafuta ya alizeti, pua peke yake haikutoshi.

Na zafarani! Hii naomba niseme kwa watu wa Pwani hasa, kwa sababu sisi tunaandikia kombe kwa zafarani, tunaosha sahani, tunampa mgonjwa anywe, mara nyingi mtoto mchanga au mama aliyetoka kujifungua. Zafarani ya kweli ni nyuzi nyekundu za ndani ya ua, kila uzi ncha yake moja imetanuka kama tarumbeta. Ukiutia kwenye maji ya vuguvugu, maji yanageuka manjano ya dhahabu taratibu na uzi wenyewe unabaki mwekundu. Ya bandia inamwaga wekundu mara moja, halafu uzi unabaki umefifia. Nyingi ya zile nyuzi wanazouziwa watalii kwa bei ya kutupa ni maua ya kartamu, mmea mwingine kabisa, ambao angalau hauna madhara makubwa. Lakini ule unga wa rangi ya machungwa wa kwenye vipakiti, ambao tumeuzoea tukauita zafarani, ni rangi ya chakula. Kama shehe wako anaandikia huo, mwulize kwa adabu. Kuuliza si kukosa imani.

Umeona mtindo lakini? Ukucha, harufu, pembe za punje, namna gome linavyovunjika: vyote hivi vinategemea kitu kizima. Nilimwuliza bibi kuhusu makopo ya unga yaliyopangwa kwenye meza ya pili yake. Akacheka. "Huo kamwulize aliyeutwanga."

Basi, nunua jani likiwa jani na mzizi ukiwa mzizi, kasage mwenyewe. Ni kazi, najua. Kinu kinachosha na mashine ya mtaani imesaga mahindi ya watu wengine. Lakini unga ndio pazia la wachakachuaji, na kidonge cha mitishamba kilichofungwa kwenye kapsuli ni pazia zito zaidi, maana hata harufu imefungiwa ndani.

Kitu kizima nacho kinataka ukijue. Tuuchukue mwarobaini. Mwarobaini hupenda joto la nchi tambarare, Dar es Salaam, Mombasa, Tanga. Ukipanda kwenye baridi, Nairobi au Arusha, mti unaoukuta kando ya barabara mara nyingi ni mmelia, ndugu yake, na watu huchuma majani wakidhani ni yaleyale. Mwarobaini una kikonyo kimoja kirefu chenye vijani pande mbili, kila kijani kimepinda kama mundu na kina meno pembeni. Mmelia kikonyo chake hugawanyika tena matawi madogo kabla ya kufikia vijani. Maua ya mwarobaini ni meupe, ya mmelia yana rangi ya zambarau hafifu. Na matunda ya mmelia, yale ya manjano ya mviringo yanayobaki yananing'inia mti ukiwa mtupu, ni sumu kwa mtu na kwa nguruwe. Muuzaji wa mjini anayeletewa majani makavu kwenye kiroba huenda hana hila yoyote, naye kaletewa.

Kosa lisilo na hila linaweza kuua kuliko utapeli. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki moja ya kupunguza uzito mjini Brussels, Ubelgiji, iliongeza mimea ya Kichina kwenye dawa zake. Mmea uliotakiwa kwa Kichina ni fangji, jamii ya Stephania. Uliofika ni guang fangji, jamii ya Aristolochia, majina yamefanana na mizizi imefanana. Wanawake zaidi ya 100 waliharibikiwa figo, wengi wakaishia kwenye mashine za kusafisha damu au kupandikizwa figo, na baadaye baadhi yao wakapata saratani ya njia ya mkojo. Madaktari waliandika kisa hicho kwenye jarida la Lancet mwaka 1993. Kumbuka kwamba ile ilikuwa kliniki ya madaktari, mji mkuu wa Ulaya, na nyaraka zote zipo. Sembuse sisi, ambao jina moja la mti Tabora linaweza kuwa la mti mwingine Lindi. Ukitumiwa mzizi na ndugu wa mkoa mwingine, mwambie aupige picha mti wenyewe, jani lake na ua lake, kabla hajachimba.

Miti mingine hubadilishwa kwa sababu imeadimika. Msokonoi, ambao Wakikuyu huuita muthiga, umechunwa magome kiasi kwamba sehemu nyingine mti mkubwa huupati tena. Gome likipanda bei, magome mengine yanaingia kwenye fungu lake. Bahati nzuri msokonoi unajitetea wenyewe: weka kipande kidogo kwenye ncha ya ulimi, kinawasha kama pilipili. Kisipowasha, rudisha. Ila hili la kuonja lifanye kwa kitu unachokifahamu tu, kidogo, kisha uteme. Usiende sokoni kulamba kila mzizi.

Kuna mahali macho na ulimi vinashindwa kabisa. Manjano ni mfano. Kule Bangladesh watafiti waligundua kwamba manjano yalikuwa yaking'arishwa kwa kromati ya risasi, rangi ya viwandani ya manjano makali, na risasi hiyo ilikuwa inaingia kwenye damu za akina mama wajawazito na watoto. Risasi hudumaza akili ya mtoto. Serikali ilipoamka mwaka 2019, ikawatoza faini wafanyabiashara na kuwaonya watu hadharani, manjano yenye risasi sokoni yalishuka kutoka karibu nusu ya sampuli hadi kutopatikana kabisa mwaka 2021. Mambo yanawezekana serikali ikitaka. Na angalia: walikuwa wanapaka hata vipande vikavu vizima, si unga peke yake. Kwa hiyo kwenye manjano, nunua mabichi yenye udongo wake, yanapatikana Unguja, yanapatikana Muheza na Morogoro, ukwangue na kuanika nyumbani. Yakiwa yanang'aa kupita kiasi, yapite.

Tukija kwenye dawa za kopo zenye lebo, tunayo sheria. Tanzania Bara ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lake linasajili waganga, vituo na dawa zenyewe. Hivyo ni vitu vitatu tofauti, na ndipo watu wanapochezewa. Unaonyeshwa ukutani cheti cha mganga, au leseni ya biashara tu, ukadhani dawa imesajiliwa. Uliza namba ya usajili ya dawa hiyohiyo uliyoishika, kisha wapigie Baraza uwaulize. Kenya kazi ya kusajili dawa zenyewe inafanywa na Bodi ya Dawa na Sumu. Kopo lenye maneno "imepimwa na Mkemia Mkuu" nalo lisikulaze usingizi: kupimwa kama ina sumu si kuthibitishwa kwamba inatibu, na kilichopimwa ni ile sampuli iliyopelekwa, si lazima kiwe hiki cha leo. Tafuta jina la mmea, sehemu iliyotumika, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha. Kopo lisilotaja hata mmea mmoja, likasema tu "mchanganyiko wa siri", siri hiyo waachie wenyewe.

Na sisi wa redio tusijitoe. Matangazo ya dawa inayotibu kisukari, presha, uzazi, nguvu za kiume na mikosi, yote kwa kopo moja, yamepita kwenye masafa ya vituo vingi, kwa sababu yanalipa. Ukisikia orodha ya namna hiyo, hata ukiisikia hapahapa kwetu baada ya kipindi hiki, ichukulie kuwa ni tangazo.

La mwisho ni kwa yule ambaye ameshanunua na ameshakunywa. Najua wengi mnawaficha madaktari. Mnaogopa kufokewa, mkiulizwa mnatumia dawa gani mnasema hakuna. Safari hii beba kopo lenyewe, au ule unga kwenye karatasi uliofungiwa, ukauweke mezani kwa daktari. Na kama umetumia unga wa maumivu kwa wiki nyingi, ukakupa nafuu ya ajabu na uso umejaa, usiukatishe ghafla kwa sababu umenisikia mimi. Kama ndani mna deksamethasoni, mwili utakuwa umeshaacha kutengeneza homoni yake ya aina hiyo, na ukiukatisha kwa mkupuo unaweza kuzimia presha ikashuka. Nenda hospitali kwanza, ukiwa bado unautumia, waambie ukweli, wakupunguzie wao taratibu.